Gurudumu Lililosajiliwa Kama Kitufe: Historia ya Kasi ya Kusogeza Ukurasa katika Linux

Utangulizi

Mtu anayehamia Linux kutoka Windows hukuta mambo mengi anayoweza kuyabadili kuliko alivyozoea. Anaweza kubadili sura ya madirisha, mahali pa menyu, hata eneokazi zima. Lakini akitaka jambo dogo tu, kwamba gurudumu la kipanya lisogeze ukurasa mistari mitano badala ya mitatu, mara nyingi hukosa mahali pa kuliweka. Katika Windows jambo hilo lina kisanduku chake katika mipangilio ya kipanya, na mtumiaji hukikuta kina namba 3, akaibadili atakavyo. Katika Linux jibu hutegemea anatumia eneokazi gani, kivinjari gani, kiendeshi gani, na mfumo wake ni wa mwaka gani.

Insha hii inauliza kwa nini hali ikawa hivyo. Maelezo yanayosikika zaidi ni mawili. La kwanza ni kwamba waandishi wa Linux hawamjali mtumiaji wa kawaida. La pili ni kwamba Linux ni kazi ya kujitolea, na kazi ya kujitolea haina wa kuiratibu. Maelezo yote mawili yana mwanya. Tutaona kwamba watu waliolishughulikia gurudumu hili walifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, tena mmoja wa wahusika wakuu alikuwa mwajiriwa wa kampuni kwa kazi hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba sababu iko nyuma zaidi, katika uamuzi wa miaka ya 1990 wa kuliingiza gurudumu kwenye mfumo wa madirisha kwa sura ya kitufe. Kitufe hubonyezwa au hakibonyezwi, hakina kiasi. Yaliyofuata kwa zaidi ya miaka 20 ni juhudi za kulirudishia gurudumu kiasi chake bila kuzivunja programu zilizoandikwa kabla.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya vyanzo vyake pia. Mwanafunzi wa historia wa Burundi anayetaka kusoma nyaraka za utawala wa Wabelgiji, sehemu kubwa yake huzifuata Brussels. Nyaraka za Linux ziko wazi kwa yeyote: msimbo wenyewe, kumbukumbu za kila badiliko, na miongozo ya watumiaji. Kwa hiyo hapa tunaweza kufuatilia uamuzi mdogo hatua kwa hatua, jambo ambalo kwa mada nyingi haliwezekani kwetu bila nauli ya ndege.

Kabla ya kuendelea nifafanue neno moja. Magurudumu mengi ya vipanya hayazunguki kwa ulaini. Kidole husikia vikwazo vidogo mfululizo. Kila kikwazo kimoja nitakiita hatua.

Kipanya kabla ya gurudumu

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Bill English kutokana na wazo la Douglas Engelbart, wakiwa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja juu na magurudumu mawili chini. Magurudumu hayo hayakuwa ya kusogezea ukurasa; yalipima mwendo wa kipanya juu ya meza, moja kwa upana na jingine kwa urefu. Engelbart alikionyesha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na kufikia hapo kilikuwa na vitufe vitatu.

Kutokana na chanzo hicho, kwa miaka mingi kipanya kilieleweka kuwa kifaa chenye mambo mawili tu: mahali na vitufe. Mahali ni namba mbili zinazobadilika kadiri mkono unavyosogea. Kitufe kina hali mbili, kimebonyezwa au kimeachiwa.

Uelewa huu ndio ulioandikwa katika X Window System, ambayo kwa kifupi huitwa X. Mfumo huu ulianza MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11 lilitoka Septemba 1987. Toleo hilo la 11 ndilo lililokuja kubeba madirisha ya Linux kwa miongo kadhaa. Itifaki yake inasema kwamba kitufe kikibonyezwa, programu hupewa taarifa yenye namba ya kitufe, wakati, mahali pa kishale, na hali ya vitufe vingine kama Shift au Control. Hakuna nafasi ya kusema kitufe kimebonyezwa kwa kiasi gani. Mwaka 1987 nafasi hiyo isingekuwa na maana yoyote.

Kusogeza ukurasa kulifanyika kwa upau wa pembeni. Katika programu kama xterm, kubonyeza kitufe cha kushoto juu ya upau kulisogeza maandishi upande mmoja, kitufe cha kulia upande wa pili, na kiasi cha kusogea kilitegemea mahali kwenye upau ulipobonyeza. Yaani kasi ilikuwa mkononi mwa mtumiaji kila mara, bila mpangilio wowote. Ilimgharimu safari ya kishale hadi ukingoni mwa dirisha na kurudi.

Gurudumu linafika, 1995 hadi 1998

Vipanya vyenye gurudumu la kusogezea ukurasa vilianza kuuzwa mwaka 1995. Miongoni mwa vya mwanzo ni ProAgio ya Mouse Systems na EasyScroll ya Genius. Kilicholieneza gurudumu duniani, hata hivyo, ni IntelliMouse ya Microsoft ya mwaka 1996, ikifuatana na Office 97 iliyojua kulitumia. Eric Michelman wa Microsoft alikuwa amelifikiria jambo hili tangu mwaka 1993, alipowaona watumiaji wa Excel wakihangaika kusafiri ndani ya lahajedwali kubwa.

Tuangalie jinsi gurudumu lilivyopitishwa katika waya, kwa sababu hapo ndipo pana ushahidi wa hoja yangu. Kipanya cha PS/2 kilikuwa kikituma taarifa za baiti 3: moja ya vitufe, moja ya mwendo wa upana, moja ya mwendo wa urefu. Kompyuta nyingi zilikwisha kuandikiwa programu za kusoma baiti hizo 3, hivyo baiti ya nne isingeweza kuongezwa bila hodi. Hodi yenyewe ilikuwa hivi: kiendeshi huamuru kipanya kitume taarifa mara 200 kwa sekunde, kisha mara 100, kisha mara 80, halafu hukiuliza kitambulisho chake. Kipanya cha kawaida hutii amri hizo na kujibu 0. Kipanya chenye gurudumu hujua kwamba mfuatano huo ni ishara, hujibu 3, na tangu hapo hutuma baiti 4. Baiti ya nne ilipewa herufi Z, kwa kuwa X na Y zilikwisha kuchukuliwa na upana na urefu. Kilichobebwa humo ni namba yenye alama, chanya au hasi. Kwa maneno mengine, katika waya gurudumu lilikuwa na kiasi.

Katika Windows kiasi hicho kilihifadhiwa. Programu hupokea ujumbe unaosema gurudumu limezunguka kwa kiasi fulani, na hatua moja huhesabiwa kuwa 120. Namba hii iliwekwa kubwa ili magurudumu laini yatakayokuja yaweze kutuma sehemu ya hatua. Nayo hugawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12. Kisha programu huangalia mpangilio mmoja wa mfumo mzima: mistari mingapi kwa hatua moja. Hapo ndipo inapotoka ile namba 3.

Katika Linux mambo yalikwenda njia nyingine. Programu iliyoendesha X katika kompyuta za kawaida wakati huo iliitwa XFree86. Waandishi wake walikuwa na kifaa kipya mikononi na itifaki ya mwaka 1987 isiyo na neno la kukieleza. Wangeweza kuunda nyongeza ya itifaki, lakini kila programu ingelazimika kuandikwa upya ili kuielewa, na hadi hapo gurudumu lingekuwa pambo. Wakachagua njia fupi. Itifaki ilitambua vitufe hadi 5 katika hesabu yake ya kawaida, na vipanya vya kawaida vilikuwa na vitatu. Vitufe 4 na 5 vilikuwa wazi. Mtumiaji akaandika mstari mmoja katika faili ya mipangilio, ZAxisMapping "4 5", na tangu hapo kila hatua ya gurudumu kwenda juu ikawa mbonyezo wa kitufe cha 4, na kila hatua kwenda chini mbonyezo wa kitufe cha 5.

Ninaona uamuzi huu ulikuwa wa busara kwa wakati wake. Programu zilizokuwa zinaruhusu mtumiaji kupanga kazi za vitufe zilipata gurudumu mara moja bila msimbo mpya. Waandishi wa programu nyingine walihitaji mistari michache tu: ukiona kitufe 4, panda, ukiona kitufe 5, shuka. Ndani ya muda mfupi gurudumu lilifanya kazi karibu kila mahali.

Gharama yake haikuonekana siku hiyo. Ile namba ya baiti ya nne ilipofika kwenye X iligeuzwa kuwa idadi ya mibonyezo, na swali la "mistari mingapi" likahamia ndani ya kila programu. Mwandishi mmoja aliamua mitatu, mwingine mitano, mwingine nusu ya ukurasa. Hapakuwa na mahali pamoja pa kuuliza, kwa sababu mfumo wenyewe haukujua kwamba kuna kusogeza ukurasa. Ulijua vitufe tu.

Alama za uamuzi huo zipo hadi leo. Magurudumu yalipoanza kuinama kushoto na kulia, mielekeo hiyo ilipewa vitufe 6 na 7. Ndiyo maana vitufe vya pembeni vya kidole gumba, vya kurudi nyuma na kwenda mbele katika kivinjari, huhesabiwa kuwa 8 na 9 katika X, ingawa kwa macho mtu angeviita cha 4 na cha 5.

Suluhisho la pembeni: imwheel

Mtumiaji aliyetaka kasi tofauti alifanyaje? Chombo kilichojulikana zaidi ni programu ndogo iitwayo imwheel. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuzisaidia programu zisizojua gurudumu, kwa kugeuza mibonyezo ya 4 na 5 kuwa vitufe vya kibodi kama mshale wa juu na wa chini. Baadaye ikatumika zaidi kwa jambo la pili: kuzidisha. Katika faili yake ya mipangilio mtu huandika kwamba Button4 irudiwe mara 3, na kila hatua moja ya gurudumu huifikia programu kama mibonyezo mitatu.

Imwheel inaonyesha vizuri mipaka ya kitufe. Kwanza, inaweza kuzidisha kwa namba kamili pekee: mara mbili, mara tatu. Mara moja na nusu haipo, kwa sababu hakuna nusu ya mbonyezo. Pili, haiwezi kupunguza kasi. Anayeona mistari mitatu kwa hatua ni mingi hana msaada, kwani mbonyezo mmoja ndio kiwango cha chini. Tatu, kwa kuwa haina tofauti kati ya gurudumu na kitu kingine chochote kinachotuma 4 na 5, padi ya mguso ya kompyuta mpakato nayo huongezwa kasi hata kama mtumiaji alikusudia kipanya peke yake.

Hata kugeuza mwelekeo kulifanywa kwa njia ya vitufe. Mtu aliyetaka ukurasa ufuate kidole kama kwenye simu aliandika amri ya kubadilishana namba, ili 5 itangulie 4. Kwa mfumo ilikuwa sawa kabisa na mtu wa mkono wa kushoto anayebadilisha kitufe cha kushoto na cha kulia.

Mwaka 2012: kiasi kinarudi

XFree86 ilipobadili leseni yake mwaka 2004, watengenezaji wengi walihamia X.Org, na kazi ikaendelea huko. Wakati huohuo kompyuta mpakato zenye padi za mguso zilikuwa zinaenea, na padi ndiyo iliyolifanya tatizo lisivumilike. Vidole viwili vinaposogea polepole juu ya padi hakuna hatua yoyote. Kuna mwendo mfululizo. Kuukatakata mwendo huo kuwa mibonyezo kulifanya ukurasa uruke kwa vipande.

Machi 2012 ilitoka seva ya X toleo 1.12 ikiwa na nyongeza ya itifaki iitwayo XInput 2.1. Kwa mara ya kwanza X iliweza kusema: kifaa hiki kina mhimili wa kusogeza, na mhimili umesogea kwa kiasi hiki. Mwezi huohuo maktaba ya GTK+ 3.4 ilikuja ikijua kupokea taarifa hizo.

Lakini programu za zamani hazikuachwa. Kwa kila programu isiyojua itifaki mpya, seva ilijumlisha mwendo hadi utimie kiasi cha hatua moja, kisha ikatunga mbonyezo wa kitufe 4 au 5 na kuutuma. Kilichokuwa ukweli wa mfumo kikawa uigizaji unaofanywa kwa ajili ya programu za zamani, na uigizaji huo haukupewa siku ya mwisho.

Katika kipindi hiki kiendeshi cha evdev kilimpa mtumiaji namba ya kuchezea: umbali wa kusogeza, yaani mwendo kiasi gani uhesabiwe kuwa kizio kimoja. Namba hiyo ilianza na 1. Ukiweka 2, gurudumu hupungua kasi kwa nusu. Ukiweka -1, mwelekeo hugeuka. Lakini namba zilikuwa kamili, na chini ya 1 hakuna isipokuwa hasi, hivyo kuongeza kasi hakukuwezekana. Imwheel iliweza kuongeza bila kupunguza. Evdev iliweza kupunguza bila kuongeza. Mtu aliyezihitaji zote mbili alizifunga pamoja na kuomba zisigombane.

Libinput na swali la nani aamue

Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, mfumo mpya wa madirisha uliokusudiwa kuchukua nafasi ya X. Wayland haikuwa na viendeshi vya X vya kusoma vipanya na padi, hivyo ilihitajika maktaba mpya ya kazi hiyo. Jonas Ådahl alianza kuitenga kutoka katika msimbo wa Wayland, na Peter Hutterer wa kampuni ya Red Hat akawa mtunzaji wake mkuu. Ndiyo libinput. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 2015, na mwaka huohuo Fedora 22 ilianza kuitumia hata chini ya X.

Libinput ililichukulia gurudumu kama kitu halisi kinachozunguka. Taarifa zake hutolewa kwa nyuzi za mzunguko. Kipanya kikiwa hakina maelezo mengine, hatua moja huhesabiwa kuwa nyuzi 15, maana yake hatua 24 kwa mzunguko mzima. Kwa vipanya visivyofuata kawaida hiyo, kuna hifadhidata ya vifaa ambamo pembe ya hatua ya kipanya fulani huandikwa. Baada ya miongo miwili ya vitufe, gurudumu lilitambuliwa kuwa gurudumu.

Ajabu ni kwamba hapohapo mtumiaji alipoteza ile namba ya evdev. Libinput ina mpangilio wa kasi ya kishale, ina mpangilio wa mwelekeo wa kusogeza, lakini wakati huo haikuwa na mpangilio wa kasi ya gurudumu. Watu wengi waliliona hili kuwa dharau. Mimi nadhani lazima tuielewe hoja ya watunzaji kabla ya kuihukumu. Libinput hutoa kipimo: gurudumu limezunguka nyuzi 15. Mistari mingapi ilingane na nyuzi 15 si swali la kipimo. Mhariri wa maandishi hujua urefu wa mstari, kivinjari hujua urefu wa ukurasa, kitazama picha hutumia gurudumu kukuza picha, na mchezo hulitumia kubadili silaha. Libinput haijui lolote kati ya hayo. Ikizidisha nyuzi zake, itakuwa inasema uongo kuhusu kifaa ili kurekebisha tabia ya programu. Mahali pa kuzidisha, kwa mtazamo huu, ni juu zaidi, kwenye eneokazi au kwenye programu.

Hoja hii ni sahihi kiufundi. Udhaifu wake ni wa kihistoria. Tabaka la juu lilikuwa limezoea, tangu miaka ya 1990, kuamini kwamba kasi inaamuliwa kwingine au haiamuliwi kabisa. Kwa muda tabaka la chini lilisema kazi hii si yangu, na la juu halikuwa limejiandaa kuipokea. Mtumiaji alibaki katikati.

Kukamilika kwa kipimo, 2019 hadi 2022

Hatua za mwisho zilihusu magurudumu laini yanayoweza kutambua sehemu ya hatua. Kiini cha Linux toleo 5.0, la Machi 2019, kilianzisha taarifa mpya iitwayo REL_WHEEL_HI_RES. Kizio chake: hatua moja ni 120. Namba iliyokuwa katika Windows tangu miaka ya 1990 ikaingia Linux. Taarifa ya zamani ya REL_WHEEL, yenye 1 kwa kila hatua, iliendelea kutumwa sambamba na mpya, kwa ajili ya programu zisizojua mpya. Libinput ilizipokea taarifa za 120 katika toleo 1.19 la mwaka 2021, na itifaki ya Wayland katika toleo 1.21 la mwaka 2022.

Kwa hiyo leo kiasi kinasafiri salama kutoka kidoleni hadi kwenye programu. Kilichobaki ni nani akizidishe. KDE Plasma chini ya Wayland imeweka kitelezi cha kasi ya kusogeza katika mipangilio ya kipanya, na kazi ya kuzidisha hufanywa na programu inayopanga madirisha. Sway ina amri ya scroll_factor inayokubali desimali, kwa mfano 0.5 au 1.5, hatimaye kile ambacho mbonyezo haukuweza. GNOME kwa miaka mingi ilikuwa na kasi ya kishale na mwelekeo wa kusogeza bila kasi ya gurudumu, na watumiaji wake walibaki kurekebisha programu mojamoja. Firefox, kwa mfano, ina mpangilio wa ndani uitwao mousewheel.default.delta_multiplier_y, namba yake ya kawaida ni 100, na ukiweka 200 kasi huwa maradufu, lakini ndani ya Firefox pekee.

Mjadala

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo mno kwa insha ya historia. Nina majibu mawili.

La kwanza linahusu mwili. Anayesoma kurasa 300 kwenye skrini hugeuza gurudumu maelfu ya mara. Kwa mwenye maumivu ya viungo vya vidole, mistari mitatu kwa hatua ni mateso. Anahitaji mingi zaidi. Kwa anayetetemeka mkono, mitatu inaweza kuwa mingi mno kwa sababu hatua humponyoka. Katika maabara za kompyuta tunazozijua, ambako vipanya ni vya kila aina na kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku, hakuna namba moja itakayowafaa wote. Mpangilio unapokosekana, anayeumia ni yule aliye mbali na wastani, naye ndiye mwenye sauti ndogo katika majadiliano ya watengenezaji.

La pili linahusu maana ya uhuru wa programu. Tunafundishwa kwamba msimbo ukiwa wazi, mtumiaji ana uwezo wa kubadili chochote. Kisheria ni kweli. Lakini historia hii inaonyesha kwamba uwezo huo una mpaka mwingine, nao ni muundo uliorithiwa. Kwa zaidi ya muongo mmoja mtu aliruhusiwa kubadili kila mstari wa msimbo wa kipanya, na bado asingepata mara moja na nusu kwa programu zote, kwa sababu kiasi kilikuwa kimekwisha kupotea kabla ya taarifa kuifikia programu. Ruhusa ilikuwepo, kitu cha kubadili hakikuwepo.

Je, XFree86 walaumiwe? Kwa maoni yangu, hapana. Walioishi mwaka 1998 walipata gurudumu linalofanya kazi, na wangesubiri nyongeza kamili ya itifaki huenda wangesubiri muda mrefu. Tunaposoma uamuzi wa zamani tukijua matokeo yake, ni rahisi kudhani waliouchukua walikuwa na matokeo hayo mbele ya macho. Kinachofaa kuchunguzwa ni kilichofuata: kila kizazi kilipoongeza njia mpya, kiliilinda ya zamani. XInput 2.1 ilitunga mibonyezo. Kiini 5.0 kiliendelea kutuma REL_WHEEL. Hata chini ya Wayland, programu ya zamani ya X inayoendeshwa kupitia XWayland bado hupokea kitufe 4 na kitufe 5. Ulinzi huo ni wema kwa programu ya mwaka 1999 ambayo mtu bado anaihitaji. Pia ndio uliofanya kila marekebisho yachukue miaka.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ugumu wa kurekebisha kasi ya gurudumu katika Linux hautokani na uzembe wala na ukosefu wa uratibu peke yake. Ulitokana na mpangilio wa matukio: itifaki ya 1987 iliyojua mahali na vitufe, kifaa cha 1996 kilicholeta kiasi, na suluhisho la haraka lililokipitisha kifaa hicho kwenye mlango wa vitufe. Imwheel, evdev, XInput 2.1, libinput na taarifa za 120 ni majibu ya swali lilelile kwa nyakati tofauti, na kila moja lilijibu sehemu tu.

Kuhusu mtumiaji wa leo, ushauri unaotokana na historia hii ni wa moja kwa moja. Kabla ya kutafuta amri, ajue kwanza yuko chini ya X au Wayland, kisha aangalie kama eneokazi lake lina mpangilio wa kasi ya kusogeza. Likiwa nao, autumie huo. Lisipokuwa nao, arekebishe programu anayoitumia zaidi, kama kivinjari. Imwheel aiache iwe ya mwisho, na kwa X pekee. Kuhusu sisi wanafunzi wa historia, kumbukumbu hizi za msimbo ziko wazi na karibu hazijaguswa na waandishi wa Kiswahili. Zimejaa maamuzi ya aina hii, yenye tarehe, yenye sababu zilizoandikwa na wenyewe, na yenye watu wanaoishi na matokeo yake kila wanapogusa kipanya.